Pipa Lenye Kiu

Watu wakisikia kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kunusa wiski, hucheka kwanza, kisha huuliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili. Mwonjaji alikuwa ameshazoea. Kwa miaka thelathini na moja aliliandikia gazeti la kila wiki safu ya vinywaji, na kwa miaka hiyo yote hakulewa hata mara moja, jambo ambalo mama yake mdogo alikataa katakata kuliamini.

"Kila siku unaonja, na hulewi," mama mdogo alikuwa akisema. "Basi na mimi nina miaka kumi na minane."

Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya baba yake. Alikipaka rangi nyeupe, akaweka meza moja, kiti kimoja na dirisha lililoangalia uani. Maua yalipigwa marufuku. Manukato yalipigwa marufuku. Kukaanga vitunguu kabla ya saa sita mchana kulipigwa marufuku nyumba nzima, na hilo mama mdogo alilichukulia kama uonevu. Saa nne asubuhi, kabla hajatia chai mdomoni, mwonjaji alifunga mlango na kupanga vifaa vyake: glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, kikopo cha kutemea, chupa ya maji yenye kidondoshi, na karatasi yenye safu tatu. Pua, Ulimi, Mkia. Mkia ni ile ladha inayobaki ukishameza, na yeye alishikilia kwamba mtu mjinga hukomea kwenye ulimi. Kila chupa aliipa asubuhi tatu, safu moja kwa siku, ili jana isimdanganye leo. Aliandika kwa kalamu ya wino na hakuwahi kufuta.

Alikuwa na haki ya kujivuna kidogo. Kuna mwaka alinusa wiski ya watu akaandika kwamba karibu na pipa lao kulikuwa na kopo la rangi lililofunguliwa. Wenyewe walikuja juu, wakatishia kwenda mahakamani. Baada ya wiki wakaandika barua ya kuomba radhi: kopo lilikuwepo, ghorofa mbili juu, fundi alilisahau. Kichwa kilimvimba siku ile, na hakijawahi kunywea.

Lakini hofu yake haikuwa na uhusiano wowote na wiski. Hofu yake ilikaa sebuleni, kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, ikiwa na miaka themanini na mmoja.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishona miaka arobaini, sare za shule, magauni ya maharusi, suruali za watu wanene wasiopenda kupimwa. Sasa kumbukumbu zilikuwa zikimtoka taratibu, kama mshono uliokatika uzi mmoja. Majirani walikwenda kwanza, halafu siku za wiki, halafu nyumba mbili walizowahi kuishi. Mama mdogo alikuja kusaidia kwa wiki mbili na huu ulikuwa mwaka wa pili. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba iko siku ataacha kumtambua hata binti yake. Labda mwaka huu, alisema, labda mwakani.

Kwa hiyo kila asubuhi mwonjaji alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, pumzi ameibana, akisubiri. Mama alifungua macho, akamtazama, akasema, "Kitinda, umeamka?" Hapo ndipo alipopumua. Kitinda ndilo jina alilopewa na mama yake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwisho, ingawa walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Alifariki akiwa na miaka miwili, kabla Kitinda hajazaliwa, na habari zake hazikuzungumzwa nyumbani. Mwonjaji alikua akijua kwamba alikuwa na kaka na kwamba hakuna kuuliza.

Ugonjwa ndio uliofungua mlango huo. Tangu mwaka uliopita, kila siku ikifika saa kumi jioni, mama aliinua kichwa na kuuliza, "Amerudi?" Ukimwambia ukweli, alilia kilio cha mtu aliyefiwa leo hii, kilio cha kujipigapiga kifua. Ukimdanganya kwamba yuko njiani, alikwenda kusimama mlangoni mpaka miguu ikamshinda. Jibu zuri halikuwepo. Kesho yake alikuwa amesahau kwamba aliambiwa, na saa kumi ilipofika msiba ulianza upya.

Chupa ile ililetwa Jumatatu. Sanduku la mbao isiyopakwa rangi, nyasi kavu ndani, na lebo iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa bourbon, wiski ya mahindi, chupa mia moja na arobaini tu. Ikishakomaa kwenye pipa la kwanza, ilihamishiwa pipa lingine la mwaloni ikakaa humo miezi kumi na minne, ili iokote ladha ya kumalizia. Kulikuwa na kadi kutoka kwa mtengenezaji:

"Kila pipa hunywa kidogo cha kilichomo. Tumezoea, tunaliita fungu la malaika. Hili lilikunywa nusu nzima na hatujui kwa nini. Kilichobaki ni kizuri mno. Tafadhali usiharakishe."

Mwonjaji alicheka peke yake. Watengenezaji wote hugeuka washairi siku ya kuandika kadi.

Alimimina. Rangi ilikuwa ya chai nzito iliyoinuliwa juani. Alitumbukiza pua. Vanila, sukari iliyoungua, ngozi ya kiti kipya, akaandika yote hayo haraka kwa sababu karibu kila bourbon inayo. Halafu chini yake, kama mtu aliyejibanza nyuma ya pazia, akasikia harufu nyingine. Akafumba macho. Mafuta ya cherehani. Chaki ya kuchorea kitambaa. Pamba yenye unyevu chini ya pasi ya moto. Alitabasamu, maana ilikuwa harufu ya utotoni mwake, na katika kazi hii harufu kama hiyo haipatikani mara mbili. Akaiandika, maneno yote, kwenye safu ya Pua.

Alipoinua kalamu, harufu haikuwemo tena.

Haikufifia. Harufu hufifia, ndivyo zilivyo. Hii ilikatika, kama taa iliyozimwa. Alinusa tena na tena, akapata vanila na sukari. Akasema pua imechoka, akafunika glasi kwa kisahani, akaenda zake.

Mchana ule alimkuta mama amesimama mbele ya cherehani yake, ile iliyokaa chini ya dirisha miaka yote, ambayo hata baada ya kusahau majirani alikuwa akiizungusha gurudumu kila asubuhi.

"Nani ameleta hiki chuma ndani?" mama aliuliza.

"Dada, si cherehani yako hiyo," mama mdogo alisema. "Umetushonea sote. Hata gauni langu la harusi, lile lililonibana."

Mama aliligusa gurudumu kwa ncha ya kidole, namna mtu anavyomgusa mbwa wa jirani. Akaondoa mkono. "Kibaya," alisema. "Kitolewe."

Waliumia, lakini hawakushangaa. Daktari alikuwa amekwisha sema.

Jumanne ilikuwa siku ya Ulimi. Mwonjaji alichukua tama dogo, akalizungusha mdomoni, akatema. Pilipili manga, asali, ukuni uliochomwa. Akaandika. Tama la pili alilikalisha zaidi, na baba yake akaingia chumbani. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mafuta ya nywele ya kopo la kijani, tumbaku, kola ya shati la mtu aliyetoka kazini. Baba alikuwa na miaka kumi na miwili kaburini, na machozi yalimtoka mwonjaji pale pale kitini. Hata hivyo kazi ni kazi. Aliandika: mafuta ya nywele ya kiume, tumbaku, kola iliyochakaa. Ladha ikakatika mdomoni, pakabaki kama maji ya bomba.

Kicheko kilitoka sebuleni.

Mama alikuwa amesimama mbele ya picha ya harusi yake ukutani, mikono nyuma kama mtu aliyetembelea maonyesho.

"Huyu bwana mwenye masikio makubwa ni nani?" alimwuliza mama mdogo. "Na mbona amenishika kiuno mbele ya watu?"

Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Masikio ya shemeji yake yalikuwa utani wa familia kwa nusu karne. Kisha akaona uso wa dada yake, kwamba haukuwa na utani wowote, akaacha.

Mwonjaji aliyekuwa mlangoni alisikia nywele zikimsimama. Alirudi chumba cha nyuma, akasoma safu zake mbili. Cherehani. Baba. Alijiambia huo ni upuuzi, na mtu mzima mwenye kazi yake hafikirii mambo hayo saa tano ya asubuhi jua likiwaka. Halafu akafanya kile ambacho mwonjaji yeyote angefanya: alitaka kuhakikisha.

Saa hiyo kila siku mama mdogo alimmenyea mama chungwa. Mama alipenda machungwa kuliko chakula, na maganda yake aliyakausha na kuyaweka kabatini katikati ya nguo. Mwonjaji alichukua tama lingine, akatafuta. Alilipata pembeni mwa ulimi, dogo, limejificha. Angeweza kuliacha. Alichukua kalamu na kuandika: ganda la chungwa lililokauka kati ya nguo.

Kutoka meza ile mpaka sebuleni ni hatua kumi na moja. Mama alikuwa ameshika nusu ya chungwa, maji yake yakimtiririka kidevuni, na alikuwa akilitazama kwa mashaka makubwa.

"Hiki nakifanyaje?" aliuliza.

Mwonjaji alirudi mbio. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alifuta alichoandika, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikachanika. Akanywa tama, akangoja. Hakikurudi kitu. Alikwenda kuangalia, na mama alikuwa ameliweka chungwa chini ya kiti na kufuta mikono.

Alimweleza mama mdogo jikoni, kwa sauti ya chini, akitegemea kuchekwa. Mama mdogo hakucheka. Alizima jiko kwanza.

"Imwage," alisema.

"Mama mdogo, humo ndani yumo mama."

"Nani kakwambia kwamba yumo? Labda mlango tu ndio umo." Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sijasoma mapipa. Lakini kichwa cha mtu si mahali pa kutia mkono. Kama huwezi kuimwaga, ifunge, uiweke juu kabisa ya kabati, tusahau."

"Sawa," mwonjaji alisema, na wakati huo alimaanisha. Aliigongomea chupa kizibo, akaiweka juu ya kabati la chumba cha nyuma. Mhariri alipopiga simu kuuliza kama safu zimetimia, alimwambia aondoe bourbon hiyo kwenye toleo la wiki hii, anaumwa.

Saa kumi ilifika.

"Amerudi?" mama aliuliza.

Siku hiyo mama mdogo alichoka. Alisema, "Dada, alifariki. Zamani sana." Na mama akateleza kutoka kitini hadi sakafuni, akaanza kutambaa kwenda mlangoni kwa magoti. Alikuwa akiuliza wamemzika wapi, kama walimvalisha soksi, nani alimbeba, kwa nini hakuitwa. Goti lilichubuka kwenye kizingiti na damu ikatoka, wala hakujali. Mama mdogo alitoka uani akijiziba masikio. Mwonjaji alibaki amemshika mama yake sakafuni, mwili mwepesi unaotetemeka, na moyo ukamkatika vipande. Mtu kumzika mtoto mara moja ni mateso ya kutosha. Huyu alikuwa akimzika kila siku.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuja likiwa limevaa nguo za huruma. Kama glasi ile iliweza kuchukua cherehani, na mume, na chungwa, basi iliweza kuchukua na hili. Neno moja tu kwenye safu ya tatu, na saa kumi ingekuwa saa kama nyingine.

Hakumwambia mama mdogo. Wala hakumwuliza chochote kuhusu huyo kaka, na kosa lake lilikuwa hapo, maana lilikuwa kosa la kazi yake. Mwonjaji hamwulizi mtu kilichomo ndani ya glasi. Ukiuliza kabla, ulimi wako umeshaambiwa la kusema, na unachoandika si chako tena. Kwa sheria hiyo alijijengea jina, na Jumatano asubuhi aliingia nayo chumbani, akafunga mlango, akaishusha chupa.

Kwa Mkia hakuna kutema. Alimeza, akaweka glasi mezani, akaanza kuhesabu polepole. Kumi, moto kooni. Ishirini, ukuni. Ishirini na tano, hakuna kitu. Wiski nyingi huishia hapo. Alipofika thelathini na nane ladha ilipanda kutoka chini kabisa, kama mtu anayepanda ngazi peku.

Mtoto. Utosi wa mtoto mchanga, ile harufu ambayo haina mfano. Maziwa. Taulo lenye mvuke. Kisha dawa ya kuchua kifua, kali, yenye kafuri, na jasho la homa. Na juu ya vyote kitu ambacho hakuwahi kukionja katika kinywaji chochote, kikavu, cha baridi, kama kulamba ufunguo. Ilimchukua muda kukitambua. Ilikuwa hofu. Si yake. Ilikuwa hofu ya mwanamke anayemtazama mtoto wake akivuta pumzi na hajui kama atavuta nyingine.

Ndiye, mwonjaji alijiambia. Ndiye kaka.

Hata hivyo hakuwa mtu wa pupa. Alimeza tena kidogo, akajitafuta mwenyewe. Kama nami nimo humu, aliwaza, ni lazima nijue kabla sijaandika. Alitafuta sare za shule, mafuta aliyopakwa akisukwa nywele, wino, mabuyu ya rangi aliyokuwa akificha chini ya mto. Alipitia mkia wote mpaka mwisho, mara mbili. Hakujikuta popote. Akashusha pumzi. Yeye hakuwemo ndani ya pipa. Mama alikuwa amemweka mahali pengine, mahali salama. Nafuu aliyoisikia ilimfanya acheke kidogo.

Aliandika, kwa mwandiko mzuri: Mtoto mgonjwa, akikandwa dawa kifuani. Hofu ya mama yake.

Ladha ilikatika. Ilikatika kwa nguvu kuliko zote, hata akashika ukingo wa meza.

Sebuleni mama alikuwa amelala kitini, uso umelainika, mdomo wazi kidogo. Mwonjaji hakuwa amemwona akilala hivyo tangu ugonjwa uanze. Akamfunika miguu, akakaa kwenye kiti cha mbele yake. Mama mdogo alikuwa amekwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Nyumba ilikuwa kimya, na kwa saa nyingi hapakuwa na kitu ila jua likihama sakafuni.

Mama aliamka saa tisa na nusu. Alimwona mwanamke aliyeketi mbele yake, akavuta gauni kufunika magoti, akaweka nywele sawa kwa kiganja.

"Karibu," alisema.

"Ahsante, mama," mwonjaji alijibu. Alijiambia ni usingizi tu. Watu wengi huamka wakiwa wamechanganyikiwa.

Walikaa. Mama alimtazama mara moja moja na kutabasamu kwa adabu, kama tunavyomtabasamia mtu tuliyemkuta kwenye foleni. Saa ya ukutani ikafika kumi. Mwonjaji aliona kichwa cha mama kikiinuka.

"Amerudi?" mama aliuliza.

"Nani, mama?"

"Mwanangu."

Mama aliusoma uso wa mwonjaji, kama alivyousoma kila siku, na jibu akalipata humo. Midomo ilianza kumtetemeka. Mwonjaji aliinuka kumkumbatia, na mama akamsukuma kwa mikono yote miwili.

"Usinishike, bibie! Mimi sikujui! Mwanangu yuko wapi?"

Mama mdogo aliyasikia hayo tangu getini. Aliingia na mfuko wa dawa mkononi, akamshika dada yake mabega, akambembeleza. "Dada, tulia. Huyu si Kitinda? Tazama vizuri. Kitinda wako."

"Kitinda nani?" mama alilia. "Mimi nina mtoto mmoja tu."

Mama mdogo alimtazama mwonjaji. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi, na glasi mezani. Pengine angemtukana ingekuwa afadhali.

"Mama mdogo," mwonjaji alisema, "kaka aliugua siku ngapi?"

"Kaka yako?" Mama mdogo alijibu polepole, kama mtu anayeogopa alichoulizwa. "Kaka yako hakuugua hata saa moja. Alikuwa akicheza uani mchana, akaanguka. Moyo. Mama yako alikuwa ndani anashona, hakusikia chochote. Alipotoka kumwita ale, alikuwa ameshapoa."

"Hakupakwa dawa kifuani?"

"Dawa ya nini? Ingepakwa saa ngapi?" Mama mdogo alikaa chini kwa ghafla, mfuko ukaanguka. "Wewe ndiye uliyepakwa dawa. Ulikuwa na miezi minane. Uliwaka siku tisa. Mama yako hakulala siku zote hizo, nilikuwepo. Alikukanda kifua, anakunusa utosini, anakukanda, anakunusa, ajue kama bado upo. Nikimwambia, Dada, nipe nikupokee, hataki. Alisema, nilimpa mgongo wa kwanza akaondoka. Huyu simpi mgongo."

Mwonjaji alisikia kila neno, na hakukuwa na pa kuliweka hata moja. Alikwenda chumba cha nyuma. Alikunywa kilichobaki kwenye glasi, kisha akanywa kwa chupa, bila kuhesabu, bila kutema, akitafuta utosi, mvuke, kafuri, akitafuta hata ile hofu. Ilikuwa vanila. Ilikuwa sukari iliyoungua. Ilikuwa bourbon nzuri sana, na hakuna mtu ndani yake.

Aliporudi sebuleni kilio kilikuwa kimepungua. Mama mdogo alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama alikuwa amekaa na leso mkononi, macho mekundu, na alipomwona mwonjaji amesimama pale bila kujua aingie au atoke, alionekana kumwonea huruma. Mama siku zote alikuwa na roho nzuri kwa wageni.

"Kaa, bibie," alisema. "Nisamehe, nilikufokea. Nimefiwa na mwanangu."

"Pole sana," mwonjaji alisema, akakaa.

"Na wewe umelia?"

"Kidogo."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama fundi anayekadiria kipimo kwa jicho. Mwonjaji aliibana pumzi.

"Una mama, wewe?" mama aliuliza.

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi usikae sana kwenye nyumba za watu," mama alisema, akampigapiga mkono. "Jua linashuka, nenda kwake. Atakuwa anakungoja."